STAA, FUTA ILE KLIPU: Ndege Yako Ulikodi Kupigia Picha, Redio ya Dogo wa Magomeni Inafanya Kazi

Wadau, leo siongelei nani kaachana na nani. Hiyo itakuja Ijumaa kama kawaida. Leo nina ugomvi na staa mmoja wa hapa mjini, jina nalihifadhi, na tafadhali msianze kutaja majina huko chini, maana mkikosea mnamchafua mtu asiyehusika. Mwenyewe akisoma atajijua. Chawa wake nao watamjua, na ndio watakaomtumia linki.

Wiki iliyopita staa huyu kaposti klipu fupi. Ndani yupo dogo mmoja wa Magomeni, kakaa chumbani kwake, kavaa hedifoni, mbele yake laptopu. Pembeni ya laptopu kuna kibao cha plaiwudi kilichopakwa rangi ya kijivu, kina namba nyekundu zinazowaka na vitasa vya kuzungusha kama vya redio. Dogo anaongea Kiingereza cha kirubani, anazungusha kitasa, anabonyeza kitufe, anaongea tena. Basi. Staa kaweka sauti ya kicheko juu yake, kaandika "Kapteni Boksi, abiria wa Mapipa fungeni mikanda," na mji mzima ukacheka. Kurasa za udaku zikabeba. Mtu mmoja akaongeza picha ya ungo. Dogo hakuombwa ruhusa na mtu yeyote. Rafiki yake ndiye aliyemrekodi, akaweka kwenye stetasi, klipu ikatembea mpaka ikafika kwa mwenye wafuasi wengi.

Utani naujua, hii blogu inaishi kwa utani. Lakini hebu turudi nyuma miezi michache. Huyu huyu staa si ndiye aliyetuletea zile picha za ndege binafsi? Viti vya ngozi, glasi mkononi, miwani usiku, na maneno ya "Mungu hamtupi mja wake." Mkajaza maua na mioto. Mi niliuliza wanaojua. Ndege ilikuwa imepaki. Haikuwashwa hata injini. Aliingia, akapigwa picha, akabadilisha nguo, akapigwa tena, akashuka, akapanda bodaboda mpaka alipoacha gari. Hiyo sehemu ya bodaboda ndiyo iliyonifurahisha zaidi.

Na wala sio ubunifu wake. Septemba 2020 kule Los Angeles watu wa mitandaoni waliumbuliwa kwamba "ndege zao binafsi" zilikuwa ni chumba tu cha studio kilichotengenezwa kifanane na ndege, kinakodishwa dola 64 kwa saa. Kabla ya hapo, Moscow kulikuwa na kampuni inayokodisha ndege iliyopaki kwa ajili ya picha. Kwa hiyo mjue tu, hii biashara ni ya kimataifa.

Sasa tuweke feki mbili mezani. Moja ni ndege ya kweli inayotumika kudanganyia. Nyingine ni redio ya kuigiza inayofanya kazi ya kweli. Ya kwanza tumeipigia makofi, ya pili tumeicheka. Mi nataka kujua nani alitufundisha kuchagua hivyo.

Nilienda kwa dogo Jumamosi. Nilishuka mwendokasi pale Magomeni Mapipa nikatembea. Mchana anafanya kazi ya ufundi simu Kariakoo, jioni anarudi kwenye chumba anachokaa na shangazi yake. Jina lake silitaji, mtaa wake siutaji, na mnaojua mkae kimya. Alinionyesha kile kibao, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana wengi wenu mmecheka kitu ambacho hamjui ni nini.

Kuna programu za kompyuta za kurushia ndege, zinaitwa simyuleta. Ile ya Microsoft ipo tangu 1982. Toleo la 2020 ni zuri hatari, unaona mpaka paa la kwenu, lakini linataka kompyuta ya pesa ndefu. Dogo laptopu yake ni ya mtumba, kwa hiyo anatumia toleo la 2006. Kwenye simyuleta unaweza kufanya kila kitu kwa kipanya: unapeleka kishale kwenye kitasa kilichochorwa kwenye skrini, unabonyeza bonyeza. Inachosha, na haifanani na chochote anachofanya rubani. Ndo maana watu duniani kote wanajitengenezea paneli za kushika kwa mkono. Za dukani zipo, Logitech wanauza, ila mpaka ifike Dar bei yake ni kodi ya chumba cha uswazi ya miezi kadhaa. Redio yenyewe ya ndege ya kweli ni maelfu ya dola, hiyo tusiiongelee kabisa.

Kwa hiyo dogo katengeneza ya kwake. Ina madirisha mawili ya namba. La kushoto ni masafa unayotumia sasa hivi, la kulia ni masafa yanayosubiri. Unazungusha kitasa, namba za kulia zinabadilika, za kushoto hazitikisiki. Ukishaweka unayotaka, unabonyeza kitufe, zinabadilishana: iliyokuwa inasubiri inakuwa ndiyo hai, iliyokuwa hai inaenda kusubiri. Kwa nini mawili? Kwa sababu rubani akiwa anatafuta masafa mapya hatakiwi kupoteza yale anayosikiliza. Na akiita kule mbele asijibiwe, anabonyeza mara moja tu anarudi kwa yule aliyekuwa anaongea naye. Dar kwenda Zanzibar ni kama dakika 20 hewani, na ndani ya hizo dakika rubani anahama kutoka kwa mwongozaji mmoja kwenda mwingine mara kadhaa. Kile kitufe kinafanya kazi kuliko unavyodhani.

Halafu hili sikulijua kabla. Redio yako ya FM inaishia 108, sivyo? Basi pale inapoishia ndipo ndege zinapoanzia. Kuanzia 108 mpaka 117.95 ni masafa ya kuongozea njia na kutua, na kuanzia 118 mpaka 136.975 ni ya kuongea. Zipo jirani kabisa na stesheni yako ya asubuhi. Na 121.5 ni ya dharura dunia nzima.

Chini ya redio dogo kaweka transponda, kale kakifaa kanakoitambulisha ndege kwenye rada kwa namba nne. Namba zenyewe ni 0 mpaka 7 tu, hakuna 8 wala 9. Ukipiga hesabu, namba zote zinazowezekana ni 4,096. Redio ikikufia unaweka 7600. Ukiwa kwenye dharura 7700. Ukitekwa 7500, na hiyo dogo aliniambia hata kwa utani haigusi, kwenye mtandao anaorushia wanakufungia. Madairekta wa video za muziki, nawaongelesha nyie sasa: siku nyingine mkijenga chumba cha rubani kwa ajili ya msanii wenu, msiweke 8989 kwenye hicho kidirisha.

Vifaa kavipata wapi? Hapa ndo nilipompenda. Kitasa cha redio ya zamani ya nyumbani kina mwisho, ukizungusha kinagota. Cha ndege hakitakiwi kugota, kinatakiwa kizunguke mpaka uchoke, na kila hatua kitoe mlio mdogo, tik, tik. Kitu hicho kinaitwa enkoda. Na mahali penye enkoda bwerere ni kwenye redio za magari zilizokufa. Dogo kazunguka Gerezani kwa watu wa spea, anaokota redio za magari ambazo hakuna anayezitaka, anang'oa kitasa. Vibao vya namba nyekundu na ile bodi ya Arduino kanunua Kariakoo, kwa duka moja linalouza vitu vya wanafunzi wa vyuo. Plaiwudi ni mabaki ya fundi wa makabati. Maandishi kaprinti stesheni, kabandika, kapitisha selotepu juu ili yasifutike.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Ndege ya kweli ina vitasa viwili vilivyovaliana, cha nje kinabadilisha namba kubwa, cha ndani kinabadilisha namba za baada ya nukta. Kuvipata vya hivyo Gerezani sahau. Dogo kafanya ujanja: kitasa kimoja, ukikibonyeza kinahama kutoka namba kubwa kwenda ndogo. Ikawa safi, ila tik moja ikawa inaruka namba mbili. Akazungusha 118, ikaenda 120. Siku nne anahangaika na hiyo. Kumbe enkoda hazifanani, nyingine tik moja inatuma ishara mara mbili ya inayotarajiwa, na kwenye ile programu ya bure inayounganisha paneli na simyuleta, MobiFlight, kuna sehemu ya kuchagua aina ya enkoda. Alipochagua sahihi, ikatulia. Mwingine angeitupa siku ya pili. Huyu alilala nayo siku nne baada ya kutoka kazini.

Sasa tuje kwenye kicheko. Mnakumbuka sehemu iliyorudiwa mara tatu kwenye klipu? Ile ambayo dogo anasema "tri" na "tausandi," na staa kaandika chini "Kiingereza cha wapi hiki, th imeenda wapi jamani." Komenti zote zilikuwa hapo. Watu waliosoma shule za laki nyingi wakajitokeza kumsahihisha. "Ulimi utoke nje mwanangu." Chawa mmoja akasema eti ndo maana watoto wa kata hawawi marubani.

Jamani. HIVYO NDIVYO RUBANI ANAVYOTAKIWA KUSEMA.

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lina mwongozo wa namna ya kutamka namba kwenye redio. Tatu inatamkwa "tri." Elfu inatamkwa "tausandi," kwa t. Tano inatamkwa "faifu" na tisa inatamkwa "naina," ili moja isisikike kama nyingine. Sababu ni rahisi. Redio ina mikwaruzo, waongeaji wanatoka kila kona ya dunia, na ile th ya kutoa ulimi ni sauti laini inayopotea njiani. Wazungu walikaa wakakubaliana kwamba kwenye redio ya ndege, namba zisemwe karibu sawa na anavyosema mtu wa Magomeni. Na nyie mkamcheka kwa kutumia usahihi! Staa wetu angepanda kwenye ile ndege yake iliyopaki akasema tatu yake ya ulimi nje, mwongozaji angeweza kumwambia arudie.

Na haya si madoido ya watu wa ndege. Machi 27, 1977, kisiwani Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana zikiwa chini, kwenye ukungu, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am. Walikufa watu 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi ya hiyo. Kulikuwa na sababu nyingi, ila mojawapo ni kwamba mnara na rubani wa Pan Am waliongea kwa sekunde ile ile kwenye masafa yale yale, na ndani ya ndege ya KLM kikasikika kitu kama mluzi badala ya maneno yaliyotakiwa kusikika. Baada ya hapo kanuni za maneno zikakazwa. Neno la Kiingereza la kuruka sasa linatumika pale tu unaporuhusiwa kuruka au ruhusa inapofutwa, kwingine kote wanatumia neno jingine. Kwa hiyo dogo anaporudia rudia sentensi moja chumbani kwake saa nne usiku mpaka shangazi anagonga ukuta, anafanya kitu ambacho watu wamekufa ili kijulikane.

Anaongea na nani? Na watu. Kuna mtandao unaitwa VATSIM, upo tangu 2001, ni wa bure. Mmoja yupo Dar anarusha, mwingine yupo Uholanzi anajifanya mnara, wote wanajitolea. Wanaongea kwa sauti, kwa kanuni zile zile. Bando linalohitajika kwa sauti ni dogo kuliko la kuangalia stori za staa wetu. Mara ya kwanza dogo aliongea, akajibiwa haraka haraka, hakuelewa kitu, akazima laptopu. Wiki iliyofuata akarudi. Sasa anarudishiwa maelekezo yenye namba tano na anayasoma yote bila kuandika. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akiogopa kuongea Kiingereza mbele ya mwalimu. Nimekuwa kwenye madarasa ya hivyo, najua nasema nini.

Narudi kwa wale wanaosema "ni toi tu." Kuna Mmarekani anaitwa Edwin Link. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza piano na vinanda huko Binghamton, New York. Mwaka 1929 Link akachukua vifaa vya kupulizia upepo vya vinanda akatengenezea kindege cha mbao kisichoruka, unakaa ndani kinayumba kama ndege, ili mtu ajifunze bila kufa. Unajua alimuuzia nani mwanzoni? Viwanja vya michezo, vya watoto na bembea. Toi. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wake wakaanza kufa kwenye hali mbaya ya hewa kwa sababu hawakuzoea kurusha kwa kutegemea vifaa. Jeshi likaenda kwa mtu wa vinanda likanunua vindege sita. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, marubani takribani laki 5 walikuwa wamepitia humo. Leo rubani wa shirika lolote la maana anarudishwa kwenye simyuleta kupimwa mara kwa mara, na ile ni mashine ya mamilioni ya dola, mjukuu wa toi la kinanda.

Sasa nageukia upande wa pili, maana na nyie mnaojifanya mnamtetea dogo mmenikera vilevile. "SERIKALI IMUONE HUYU KIJANA." "Mvumbuzi wetu, mpeni Dreamliner." "Mzungu angekuwa kashamchukua." Acheni. Dogo hajavumbua kitu na yeye mwenyewe anasema hivyo. Michoro ipo bure mtandaoni, wapo wastaafu Ujerumani wamejenga chumba kizima cha rubani kwenye gereji. Kaiga, na kaiga vizuri, na kuiga vizuri ni kazi. Ukimwita mvumbuzi unamtwisha mzigo ambao hakuuomba, halafu kesho ukija na kamera ukakuta ni kibao cha plaiwudi unamwita tapeli.

Tumeshaona hii sinema. Kampala 2011, Chris Nsamba na wenzake walikuwa wanajenga ndege uani kwa mama yake pale Ntinda, BBC wakaja na kamera, dunia ikaangalia. Kenya yupo Gabriel Nderitu, mtu wa kompyuta aliyejenga ndege nyumbani kwa kujisomea mtandaoni. Hapa kwetu fundi wa Tunduma na helikopta yake. Mi siwacheki hata mmoja, wana roho kubwa kuliko yangu. Ila angalia sisi watazamaji tunavyofanya: siku ya kwanza tunasema shujaa, siku ya pili tunauliza "mbona hairuki." Uzuri wa paneli ya redio ni kwamba haidaiwi kuruka. Unazungusha, namba inabadilika, mtu anakujibu. Imefanya kazi. Maliza.

Na kuhusu urubani, tusidanganyane. Saa za kwenye laptopu hazihesabiwi kwenye leseni. Kusomea urubani ni mamilioni kwa mamilioni na hakuna plaiwudi itakayopunguza hiyo bili. Nilimuuliza dogo, akasema, "Kaka, mi sijasema nitakuwa rubani. Mi napenda redio." Sasa watu wa redio wapo. Wapo mafundi wanaofungua hizo redio kwenye ndege zikiharibika. Wapo waongoza ndege, TCAA wana chuo chao hapa hapa Dar. NIT pale Mabibo wanafundisha ufundi wa ndege, na Mabibo kutoka Magomeni ni nauli ya daladala moja. Tangu Septemba 2016 zilipoanza kuja Bombardier, halafu Dreamliner Julai 2018, halafu Airbus, kila ndege ikitua tunaimwagia maji, tunaipigia ngoma, wasanii wanaitwa kutumbuiza. Ndani ya kila moja kuna redio zisizopungua mbili. Zitafunguliwa na nani? Na staa aliyetumbuiza?

Yanayoniuma ni yaliyotokea baada ya klipu. Mjue kuna mtu halisi pale. Kijiweni kwake Kariakoo wateja wakija na simu mbovu wanasema "mpe Kapteni Boksi," na bosi wake hacheki tena, anasema dukani kumekuwa na vurugu. Mama mwenye nyumba kaletewa klipu na mtu, akaambiwa mpangaji wako anaongea na ndege za watu. Kaita mjumbe. Mjumbe kaja, kauliza kama dogo ana kibali cha kurusha matangazo. Swali lenyewe sio baya, kurusha mawimbi hewani bila leseni ni kosa na TCRA hawatanii. Ila ile paneli HAIRUSHI KITU. Haina antena. Ina waya mmoja wa USB unaoingia kwenye laptopu, kama wa kichapishi. Dogo kaeleza mara tatu. Mama mwenye nyumba kamwambia, "Mwanangu, mi nakuelewa, lakini watu wananiuliza. Hicho kitu kitoe." Shangazi naye kakaa kimya, kodi iko kwa jina lake.

Jumamosi nilipofika, paneli ilikuwa ndani ya begi la nguo chini ya kitanda. Alinitolea kunionyesha, akaiwasha dakika kumi mlango umefungwa, sauti chini, akairudisha. Hajaingia VATSIM tangu ile siku. Kuna Mholanzi mmoja sijui kama anashangaa yule wa Dar kaenda wapi.

Hapo ndo natofautiana na wanaosema "mitandao ndo ilivyo, akaze roho." Staa akichekwa anapata kiki, na kiki kwake ni chakula. Wiki ile ile ya klipu katangaza juisi ya mtu. Dogo akichekwa anapoteza kijiwe, chumba na kitu pekee alichokuwa anakifanya bila mtu kumtuma. Hawalingani, na staa anajua hawalingani, ndo maana hajawahi kumposti staa mwenzake akiwa hivyo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Futa klipu. Sitaki umwombe radhi kwa kamera tatu na muziki wa huzuni, tunajua itageuka kontenti. Wala usimpelekee laptopu mpya ukiwa na mpiga picha. Futa tu, saa nane usiku, mtu asijue. Kurasa za udaku mlioibeba, na nyie futeni, mna mambo mengine ya kuandika, nawajua.

Na mwenye redio ya gari iliyokufa, yenye kitasa kinachozunguka bila kugota, asiitupe. Anitumie ujumbe pembeni, nitaifikisha. Anahitaji viwili zaidi, kimoja cha redio ya pili na kimoja cha kuongozea njia. Cha kwanza alichokuwa nacho cha akiba kilivunjika siku mjumbe alipokishika kuangalia kama kinarusha.

Komenti ziko wazi. Atakayetaja jina namfuta, na atakayeandika "ungo" namfuta na kumblock.